Saki saba na dola milioni 72

Watanzania tunaoishi Minnesota tumehama na macho ya Kariakoo. Tunaitazama Vikings, timu ya mpira wa Kimarekani ya hapa, kama tulivyozoea kutazama Simba na Yanga: nani kafunga, nani kakosa, nani afungashiwe virago. Msimu wa 2024 ulipokwisha na kijana wao mpya, Dallas Turner, ana saki tatu tu, kwenye kundi letu la WhatsApp hukumu ilikuwa imeshatoka. Garasa. Kijana wa miaka 21, kachaguliwa wa 17 kwenye drafti, ile siku timu zinapogawana vijana kutoka vyuoni, timu imetoa nafasi zake nyingine ili impate, halafu saki tatu?

Kwa asiyefuatilia mpira wa Kimarekani: kazi ya huyu bwana ni kumfukuza kwotabeki, yule mrusha mpira wa timu pinzani, na kumwangusha kabla hajarusha mpira. Akifanikiwa, hiyo ndiyo saki; wakimwangusha wawili, kila mmoja anahesabiwa nusu. Ana sekunde mbili na nusu, tatu zikizidi, na katikati kuna jitu la kilo 140 linalolipwa mamilioni ili asipite. Kwa hiyo mara nyingi hapiti. Mchezaji mwenye saki 12 kwa msimu mzima ni nyota, na hapo ni chini ya moja kwa mechi.

Niliwauliza wenzangu kitu kimoja: Turner alicheza dakika ngapi? Mbele yake walikuwepo Jonathan Greenard, aliyemaliza na saki 12, na Andrew Van Ginkel, 11.5. Wote wawili wakaitwa Pro Bowl, heshima ya nyota wa msimu, timu ikashinda mechi 14 kati ya 17. Kocha gani angemtoa mmoja wao ili mtoto ajifunzie? Hakuna aliyenijibu. Mmoja alituma kikaragosi cha kucheka, basi.

Tena Minnesota ndiyo timu ya mwisho ambayo mashabiki wake wangepaswa kuwa na haraka ya aina hii, kwa sababu wamekwishamwona Danielle Hunter. Huyu alizaliwa Jamaika, akahamia Texas akiwa mdogo, akasoma LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, na msimu wake wa mwisho chuoni alipata saki moja na nusu. Moja na nusu! Mwaka 2015 Vikings wakamchukua raundi ya tatu, chaguo la 88, akiwa na miaka 20. Walichonunua ni mwili: urefu wa karibu mita mbili na mbio ambazo mtu wa kilo 114 hana haki ya kuwa nazo. Kocha wa mstari wa mbele wa ulinzi, Andre Patterson, akaanza naye mwanzo kabisa, namna ya kusimama kabla mpira haujaanza.

Mwaka wa kwanza saki 6. Mwaka wa pili 12.5, na hakuanza mechi hata moja, alikuwa akiingia akitokea benchi. Mwaka wa tatu wakampa namba kikosi cha kwanza, na saki zikashuka hadi 7. Hapo sisi tungesema kijana kavimba kichwa, kaanza starehe. Wao Juni 2018 wakampa mkataba mpya wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 72. Msimu uliofuata akapata 14.5, uliofuata tena 14.5, na Desemba 2019 akawa mchezaji mwenye umri mdogo kuliko wote kufikisha saki 50 tangu zianze kuhesabiwa rasmi mwaka 1982.

Namba saba ile ile, sisi tunaiona anguko, wao wanaiona milioni 72. Tofauti ni nini? Kuna watu wameajiriwa kurudia mkanda wa kila mchezo na kuandika yasiyoingia kwenye ubao: mara ngapi alimtia kwotabeki presha hata kama mpira ulitoka, mara ngapi walihitajika watu wawili kumzuia, hatua yake ya kwanza inaondoka lini, mikono inafika kabla au baada ya mikono ya mpinzani, akikimbiziwa mpira upande wake anashika nafasi au anaiacha.

Kiangazi mazoezi ya Vikings kule Eagan huwa wazi kwa watu siku kadhaa, na mimi napenda kwenda. Wanalaza pete kubwa kwenye nyasi, mchezaji anaizunguka mbio huku bega la ndani limeinama karibu kugusa chini, kwa sababu ndivyo anavyotakiwa kumpita yule mlinzi ukingoni. Anarudia. Kocha anaonyesha mguu wa nje umetua wapi, anarudia tena. Hapigi kelele. Watoto waliokaa karibu nami walichoka wakaenda kutafuta aisikrimu.

Nyumbani ni wangapi wanalipwa kuangalia mguu wa kijana unatua wapi? Vipaji tunavyo. Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akakaa TP Mazembe ya Lubumbashi mpaka Januari 2016, akachukua nao Ligi ya Mabingwa Afrika, ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji. Miaka yake ya kupikwa alipewa na Wakongomani. Kwetu straika chipukizi akikosa mabao mechi tatu anatafutiwa mgeni aliyekwishaiva. Na ofisini ni hivyo hivyo: tangazo la kazi ya chini kabisa linadai uzoefu wa miaka mitano, kana kwamba uzoefu unauzwa sokoni. Ukiingia kwa kujuana, unavumiliwa mpaka ustaafu bila mtu kukufundisha lolote.

Lakini msiniweke kwenye orodha ya wanaosifia kila cha Marekani. Subira ya huku ina bei. Mwisho wa Agosti kila timu ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, inapunguza wachezaji kutoka 90 hadi 53, na wengi wanaotemwa ni vijana ambao hawakugharimu chochote. Jirani yetu Mkenya, Daniel Adongo, alitolewa kwenye raga na timu ya Indianapolis Colts mwaka 2013. Mechi yake ya kwanza ya mpira wa Kimarekani maishani ilikuwa ya NFL yenyewe, na walimpanga katika kazi hii hii ya kumfukuza kwotabeki. Mwaka 2015 wakaachana naye. Mchezo ambao wenzake wameucheza tangu wakiwa watoto, yeye alipewa miaka miwili kuujua.

Ghala ninakofanya kazi liko vivyo hivyo. Mgeni anasimamiwa kwa makini, anapimwa kila wiki, anaelekezwa hata namna ya kukunja magoti anapoinua mzigo. Namba zikigoma, Ijumaa kadi yake haifungui mlango, na hakuna wa kumuaga.

Hunter naye hakupona. Mwaka 2023 alipata saki 16.5, nyingi kuliko msimu wake wowote wa nyuma, na Machi 2024 Vikings wakamwacha aende timu ya Houston. Alikuwa na miaka 29. Siku zile zile wakamchukua Greenard, miaka 26, kutoka Houston hiyo hiyo. Mwezi uliofuata wakamchagua Turner. Ukikaa ukalitazama hilo, huoni penzi wala chuki, unaona hesabu, na ndani ya hesabu hiyo saki tatu za mwaka wa kwanza zilikuwa zimekwishatarajiwa.

Mkataba wa chaguo la raundi ya kwanza ni wa miaka minne, na klabu huamua kuhusu mwaka wa tano baada ya msimu wa tatu. Kwa Turner hiyo ni mwanzoni mwa Mei 2027. Wenye fedha zao hawana haraka, sijui sisi wa kwenye WhatsApp tunakimbilia wapi.