Kabla hatujashangilia sheria ya chipu za mbwa, tuulize nani anapokea simu

Jioni moja ya Januari mwaka juzi nilimkuta mbwa mweusi kasimama kituo cha basi hapa Reading, England, katota, anatetemeka, shingoni hana mkanda, kila basi likisimama anakodolea mlango kama anamsubiri mtu. Nikampa kipande cha mkate akanifuata. Kliniki ya mifugo ilikuwa bado dakika ishirini wafunge, nikaenda naye. Nesi akatoa skana, kile kifaa kinafanana na cha kusomea bei supamaketi, akakipitisha katikati ya mabega, kimya, akarudia, kimya, akashuka nacho taratibu ubavuni mpaka karibu na kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto ndo kikalia pii. Chipu, kile kipande kidogo chenye namba ya utambulisho kinachochomwa kwa sindano chini ya ngozi, ilikuwa imehama. Zikatokea tarakimu 15, akaziingiza kwenye kompyuta, akapata jina la mwenye mbwa na namba ya simu, na mimi hapo moyo ukatulia nikajua yameisha. Akapiga. Namba haitumiki. Akapiga tena, haitumiki. Akatuma barua pepe, ikarudi.

Wiki iliyofuata nikaulizia, nikaambiwa halmashauri walimchukua, siku saba zimepita na anatafutiwa nyumba nyingine. Sheria ya hapa, ya mwaka 1990, inampa mbwa aliyeokotwa siku saba tu. Zikiisha mwenyewe hajatokea, halmashauri inaweza kumpa mtu mwingine, kumuuza au hata kumuua kwa sindano.

Nimeanza na huyu mbwa kwa sababu kila ikizunguka WhatsApp ile video ya mbwa aliyepotea miaka mingi halafu chipu ikamrudisha kwao, anaruka, mwenye mbwa analia, basi watu wetu wa Tanzania na Kenya wanauliza sisi sheria ya kulazimisha kila mbwa awe na chipu, kama ya hapa England, tutaipata lini. Akitokea mmoja akasema ana wasiwasi na hii habari ya kulazimisha, anaambiwa hapendi wanyama au anaamini mambo ya kufuatiliwa na serikali. Mimi mbwa wangu ana chipu na nilimweka kwa hiari. Lakini hawa wenye wasiwasi nimewasikiliza kwa muda mrefu na naona hoja yao inazimwa kabla haijamaliza kusemwa.

Yale yasiyo na uzito niyaondoe haraka. Chipu ya mbwa haina betri wala haionyeshi mahali alipo, ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele ambacho kimelala tu mpaka skana ikisogezwa karibu, mawimbi ya kilohezi 134.2 yakikiamsha kinataja namba yake basi, hakijui jina lako wala nyumba yako. Saratani nayo watu wanaitaja sana. Ni kweli kuna utafiti uliotoka 2006, panya 1,260 waliowekewa chipu, asilimia 4.1 wakaota uvimbe pale pale ilipo chipu, sio kitu cha kudharau, ila ni panya wa maabara wa ukoo unaoota uvimbe kirahisi. Kwa mbwa kesi zilizoandikwa ni za kuhesabu kwa vidole, na mbwa wenye chipu duniani ni mamilioni. Mtu asikose usingizi kwa hilo.

Na wanaounga mkono sheria wana hoja nzuri, sitaki kuwapunja. Mkanda wa shingoni unakatika, unanasa kwenye uzio, na mwizi wa mbwa kitu cha kwanza anachofanya ni kuuvua. Chipu inabaki. Kuna Fern, mbwa wa aina ya spanieli aliyeibiwa kusini mwa Uingereza mwaka 2013 akarudi kwao 2019, miaka sita, kwa sababu tu chipu ilikuwepo. Pia mtu anayezalisha watoto wa mbwa kwenye banda chafu na kuwauza, chini ya sheria ya England yeye ndiye anatakiwa aandikwe kwanza kwenye rekodi ya chipu kabla mtoto hajauzwa, kwa hiyo akizalisha vilema kuna njia ya kumrudia. Na anayemtupa mbwa wake barabarani anajua kuna namba inayomtaja.

Sasa tuje kwenye takwimu ambayo kila anayetetea sheria hii anaibeba, nataka tukae nayo kidogo maana nadhani inasomwa nusu. Mwaka 2009 ulitoka utafiti mkubwa Marekani, vituo 53 vya wanyama waliopotea kwenye majimbo 23. Wakakuta mbwa waliookotwa kwa ujumla, asilimia 21.9 walirudi kwao, lakini wenye chipu walirudi asilimia 52.2. Zaidi ya mara mbili. Watu wanaishia hapo, wanapiga makofi, sheria ipite.

Ngoja. Huko Marekani chipu ilikuwa hiari. Nani anamwekea mbwa chipu kwa hiari yake? Ni yule yule anayechanja kwa wakati, anayefunga geti, ambaye mbwa akichelewa kurudi nusu saa tayari kashatoka na tochi na kabla ya usiku kapiga simu vituo vyote. Mbwa wa mtu huyo angerudi kwa wingi hata bila chipu. Kwa hiyo ile 52.2 ndani yake kuna kazi ya chipu na kuna kazi ya mwenye mbwa, na asilimia hiyo haizitenganishi. Sheria ikimlazimisha asiyejali, inampa sindano, ule uangalifu wa jirani yake haiwezi kumdunga nao. Hii ndo hoja ya watu wanaopinga na sijawahi kuona inajibiwa vizuri.

Halafu soma utafiti huo huo kurasa za mbele. Kwa wanyama wenye chipu, wenyewe walipatikana asilimia 72.7. Na wale ambao hawakupatikana, kwa nini? Asilimia 35.4 namba ya simu ilikuwa sio sahihi au imekatwa. Asilimia 24.3 walipigiwa au kuandikiwa wasijibu. Asilimia 17.2 chipu iliandikishwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya kompyuta ya wenye mbwa, nyingine kabisa, na 9.8 haikuandikishwa kokote, yaani mbwa anatembea na namba ambayo haina mtu. Ukijumlisha simu mbovu, kanzidata isiyo yenyewe na kutoandikishwa unapata 62.4, zaidi ya sita katika kila kumi, na hapo sindano ilichomwa vizuri, chipu ipo, skana imelia. Kilichokufa ni rekodi. Kila nikizisoma hizo namba namuona yule mweusi wa kituo cha basi, na uso wa yule nesi akishusha simu.

England ilianza kulazimisha tarehe 6 Aprili 2016. Mtoto wa mbwa akifika wiki nane awe na chipu, na mwenye mbwa ahakikishe taarifa ni za sasa. Akikutwa hajatimiza anapewa siku 21 arekebishe, asipofanya faini inafika pauni 500. Kwenye maandishi taarifa sahihi ni sehemu ya sheria, ni kweli. Lakini nani anakagua? Chipu ukishaiweka huioni tena. Unahama nyumba unakumbuka benki, unakumbuka shule ya watoto, unakumbuka bili ya umeme kwa sababu zenyewe zinakutafuta, chipu haikutafuti mpaka siku mbwa kapotea. Na kanzidata zinazotambuliwa hapa zimepita 20, nyingine kubadilisha namba tu unalipa hela. Mtu kamnunua mbwa kwa jirani, chipu ina jina la jirani, jirani kahamia Scotland, na nyumba yote hiyo inaamini imetii sheria.

Watu wanasahau pia kwamba hapa hapa England kuna amri ya mwaka 1992 inayotaka mbwa akiwa barabarani au mahali pa umma awe na mkanda wenye jina na anwani ya mwenyewe, juu yake au kwenye kibati. Haikufutwa chipu ilipokuja. Kibati hicho kinaweza kusomwa na mtoto wa darasa la pili, na mwenye mbwa anakiona kila asubuhi akifunga kamba, namba ikiwa ya zamani inamwangalia usoni. Tangu 2016 nakutana na watu bustanini mbwa wao hawana kibati, ukiuliza wanakwambia "ana chipu". Hili ndo linaniumiza kuliko yote, kitu kinachoonekana kimeachwa kwa sababu kisichoonekana kimeaminiwa.

Na skana nayo ina mambo yake. Mwaka 2004 huko Virginia, Marekani, kuna mbwa aliokotwa, akaskaniwa kituoni, skana haikuona kitu, akauawa. Chipu alikuwa nayo, ila ilikuwa ya kilohezi 134 na skana yao ilisoma 125. Kampuni zilikuwa zinagombania soko. Hayo ya masafa yamepungua tangu skana zinazosoma aina zote zienee, lakini mapema 2025 kampuni moja ya Texas iliyokuwa inauza chipu na kutunza rekodi zake ikafunga ghafla, na watu wakajua kwamba namba iliyo ndani ya mbwa wao ukiitafuta kwa kampuni hiyo haijibu chochote, inabidi waandikishe upya kwingine. Sasa kama serikali inamlazimisha raia kitu, halafu kitu hicho kinategemea kampuni inayoweza kufunga milango Ijumaa, basi aliyelalamika tangu mwanzo alikuwa anaongea na nani?

Kisa cha Tuk ndo kilibadilisha watu wengi hapa. Mbwa mdogo, mzima wa afya, akapelekwa kwa daktari mwaka 2017 akauawa kwa sindano. Chipu yake ilikuwa na mawasiliano ya shirika lililokuwa limemwokoa, ambalo lilikuwa tayari kumchukua tena. Hakuna aliyeangalia. Mwenye mbwa analazimishwa aweke chipu, daktari hakulazimishwa aisome. Ilichukua kampeni ya wananchi mpaka 2021 ndo mwongozo wa madaktari wa mifugo ukabadilishwa kuhusu kuskani kabla ya kumuua mbwa ambaye hana ugonjwa unaolazimisha.

New Zealand inafundisha kitu kingine. Kule chipu ilikuja baada ya mtoto wa miaka saba kushambuliwa vibaya na mbwa Auckland, Januari 2003. Nchi ilishtuka, wanasiasa walitakiwa wafanye kitu, wakabadilisha sheria mwaka huo huo na kuanzia Julai 2006 mbwa wapya wanaosajiliwa lazima wawe na chipu. Wafugaji wa kondoo wakauliza swali rahisi, chipu inazuiaje meno? Mbwa wao wanaishi malishoni, hawajawahi kumng'ata mtoto wa mjini, kwa nini walipie? Mwisho bunge likawatoa mbwa wa kuchunga kwenye sharti hilo kwa tofauti ya kura moja. Kura moja! Mimi naona waliuliza swali ambalo kila mtunga sheria angepaswa kuuliza kwanza, kwamba tatizo letu ni lipi, na hiki kifaa kinaligusa wapi.

Ndo maana nasita watu wanaposema Tanzania na Kenya tuige haraka. Kuna mahali chipu kwetu haina mbadala, nayo ni kusafirisha mbwa. Ukitaka kumtoa mbwa Dar au Nairobi kumpeleka nchi za Umoja wa Ulaya, chipu inatangulia, halafu chanjo ya kichaa cha mbwa, halafu siku 30 zikipita damu inapimwa, halafu unasubiri miezi mitatu. Ukichanja kabla ya chipu chanjo hiyo haihesabiwi, unarudia, nimeona familia imekwama hivyo na tiketi mkononi. Hapo sina ubishi.

Lakini mbwa wa Mbagala, wa Kisii, wa vijijini Mara, tatizo lake la kwanza ni kichaa cha mbwa. Kinachohitajika ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, kila mwaka, na Kenya ilishajiwekea mpango wa 2014 mpaka 2030 wa kumaliza vifo vya watu. Shilingi inayonunua chipu na skana ni shilingi ile ile ya chanjo na barafu ya kuitunza. Hata kujua mbwa gani kachanjwa na gani bado, kuna watafiti wamefanya kazi vijijini Tanzania na programu ya simu inayotambua sura ya mbwa, wakachapisha matokeo 2023, na moja ya sababu walizozitaja ni kwamba chipu ni ghali kwa kampeni za namna hiyo. Wamefika kijijini wakaangalia watu wana nini mkononi, wakakuta simu. Huko ndiko nataka wanaotuandikia sheria waanzie. Na siku tukisema lazima, basi kanzidata iwe moja na ya umma, kubadilisha namba kuwe bure kwa simu ya kitochi, kila kliniki ya wilaya iwe na skana, na daktari alazimike kusoma kama mwenye mbwa alivyolazimika kuweka. Hayo yakikosekana tutakuwa tumetoza watu hela ya sindano tu.

Mdogo wangu yuko Moshi, mwezi uliopita alinipigia akitaka kujua amwekee mbwa wake chipu kama wa kwangu. Nikamwambia aulize kwanza pale anapompeleka chanjo kama wana skana. Akaenda, hawana, wakamwelekeza kliniki nyingine, nao hawana. Akapita kwa fundi viatu karibu na stendi, akamkatia mkanda wa ngozi, akaugongea kibati cha bati kwa ribiti mbili, juu yake wakachora kwa msumari namba mbili, yake na ya jirani ambaye simu yake haizimwi. Alinitumia picha, tarakimu zimepinda kidogo ila zinasomeka.