Magitaa Matatu Bila Ngoma: Mbio au Mazungumzo?

Kila ninapoitaja albamu ya Friday Night in San Francisco mbele ya wapenzi wa muziki hapa Nairobi, hukumu huwa mbili: wapo wanaosema kwamba hakuna kazi ya magitaa iliyowahi kuifikia, na wapo wanaosema kwamba ni wanaume watatu wanaoshindana kukimbiza vidole. Albamu hiyo ilitoka mwaka 1981, na isipokuwa kibao cha mwisho, ilirekodiwa jukwaani katika ukumbi wa Warfield tarehe 5 Desemba 1980. Wapigaji ni Mwingereza John McLaughlin, Mmarekani Al Di Meola na Mhispania Paco de Lucía, na hawana mwimbaji, besi wala ngoma.

Lawama ya kasi ina uzito. Zipo sehemu ambapo noti humiminika kama mvua ya mawe juu ya mabati, na shangwe za ukumbini hupanda kwa sababu ya wepesi wa mkono tu. Sisi tuliolelewa na benga tunaijua kasi ya gitaa, lakini katika benga gitaa hupamba moto baada ya mwimbaji kusimulia kisa chake, huku besi na ngoma zikishika miguu ya wachezaji. Hapa miguu haipewi chochote. Nimewahi kuisikiliza albamu hii kwenye simu ndani ya matatu, na besi ya spika za gari ikaimeza yote.

Usiku nyumbani, kwa spika za masikioni, hali ni tofauti kabisa. De Lucía anasikika kushoto, McLaughlin katikati na Di Meola kulia, hivyo mtu anaweza kufuata nani anasema na nani ananyamaza. Kibao cha kwanza, cha zaidi ya dakika 11, kina watu wawili tu. De Lucía anapiga kwa vidole vitupu, kwa desturi ya flamenko, muziki wa jadi wa Uhispania, na sauti yake ina joto. Di Meola anatumia piki, yaani kile kibanzi cha kukwanyulia nyuzi, juu ya nyuzi za chuma, na kila noti yake inatoka kali na kavu. Mmoja anapoongoza, mwenzake hujishusha na kumshikia mdundo. Anayemjua George Mukabi, mwanamuziki wa Kenya aliyejaza wimbo mzima kwa gitaa moja la omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, na mlio wa chupa ya soda, hatashangaa kwamba pengo la ngoma halisikiki.

Kwa maoni yangu, vibao vitatu vya mwanzo, ambavyo vyote hupigwa na watu wawili wawili, vinashinda viwili vya mwisho ambamo wote watatu wanakutana, kwa kuwa wa tatu akiingia nafasi ya kujibiana hupungua, na hapo ndipo lawama ya mbio inapopata ushahidi wake. Lakini sikubali kwamba ukumbi ule ulivutwa na kasi peke yake. Katika kibao cha pili, McLaughlin na Di Meola wanaacha ghafla kukimbia, wanateremka kwenye bluzi ya polepole, kisha wanachomeka kipande cha muziki wa filamu za vichekesho za Pink Panther, na watazamaji walewale waliokuwa wakishangilia vidole wanaangua kicheko, kwa maana walikuwa wakiyafuata mazungumzo neno kwa neno.