"Bila mtaji" yenu imenichosha

Juzi usiku mdogo wangu kanifowadia meseji ya WhatsApp, "njia 10 za kupiga hela mtandaoni bila mtaji", nikasoma weee mpaka chini kabisa, nakuta nini? Kuingia kwenye grupu ni elfu 15, tuma na ya kutolea. Yaani mtaji hauhitajiki ila uanze kwa kulipia kuambiwa kwamba hauhitajiki 😂

Jamani. Bando ni mtaji, simu inayokaa na chaji ni mtaji.

Chukua YouTube maana ndo kila mtu anaitaja. Ili uanze kulipwa matangazo ya video za kawaida unatakiwa masabskraiba 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12. Video ya dakika tano hiyo ni kutazamwa mwanzo mwisho mara 48,000, na ukishapita hapo hela haitoki mpaka zifike dola 100. Haya, wewe wa Mbagala unayeapulodi kwa bando la jero, utafika lini? Upwork, ule mtandao wa kuombea kazi za mtandaoni, nako kuomba tu kazi kunakula Connects, yaani pointi zao za kuombea, zikiisha unanunua kwa dola. Wapo wanaotoboa, sikatai, ila hao walikuja na ujuzi tayari.

Kilichonitoa mimi ni udalali wa status ya WhatsApp, na hakuna anayekifundisha kwa elfu 15 kwa sababu hakina siri. Nimemaliza chuo, sina kazi, naenda soko la Karume asubuhi naomba muuza viatu vya mtumba nipige picha. Wa kwanza alinifukuza, wa pili akaniambia "piga dogo, ila mteja wako asijue bei yangu". Raba ya elfu 18 naweka status kwa 25, mteja anatuma hela kwanza, nanunua, nampa boda, nauli juu yake. Saba ni ya kwangu. Ukiangalia hapo hela iliyozunguka ni ya mteja, sio yangu, na hiyo ndo maana halisi ya kutokuwa na mtaji.

Sasa msidhani ni mteremko. Mtu atume hela kabla hajaona kiatu? Wiki tatu za kwanza niliuziana na shangazi yangu na rafiki zake wa kikoba, basi. Kuna siku nimetuma picha ya namba 42, kufika nakuta pea imeshauzwa, hela ya mtu ninayo mkononi, na hapo ndo unapojijua wewe ni nani, maana ile elfu 25 siku ambayo hujala inaongea. Nilirudisha palepale na makato nikabeba mwenyewe. Yule dada mpaka leo ananiagizia viatu vya watoto, na kaniletea wenzake wanne wa ofisini kwao. Kozi ipi inauza hiyo?

Mengine, kujaza masavei sijui kubofya matangazo, mimi naona ni kuchosha kidole tu.

Mdogo wangu nimemwambia asitume kitu. Jumamosi tunaamka saa 10 alfajiri tukawahi belo zikifunguliwa, aje na simu imejaa chaji. Ndio, nauli ya daladala nayo ni mtaji, mtanisema. Nitamlipia.