Siyo kila msindano unaokauka umekosa mvua

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema misindano, yaani miti ya paini, ya Mufindi mkoani Iringa inakauka kwa sababu ya ukame. Ukame upo, sikatai, ila ukame haukaushi miti kwa duara ukaacha ya pembeni kijani kibichi. Shambani kwangu ulianza mmoja, karibu na kisiki cha mti wa asili tuliouangusha wakati wa kusafisha shamba. Msimu uliofuata mitano, yote jirani zake. Na mimi nililaumu mvua, nikahamia kwa mchwa.

Siku moja nikashika panga, nikafukua udongo chini ya shina la mti uliokuwa ndiyo kwanza unaanza unjano. Utomvu ulikuwa umegandamana na udongo, mgumu kama lami. Nikabandua gome: ndani utando mweupe umetandaa kwenye mti wenyewe, unanuka uyoga. Hiyo ni armilaria, fangasi wa mizizi. Anaishi miaka mingi kwenye visiki na mizizi ya zamani, kisha anavuka pale mzizi unapogusana na mzizi. Wenye mashamba ya chai nao wanamjua. Masika unaweza kuona uyoga wa rangi ya asali umesongamana shinani, lakini usiusubiri huo, miaka mingine hautoki kabisa.

Kuna muuza dawa alitaka kuniuzia ya kunyunyizia majani. Majani! Nimeng'oa kile kisiki na mizizi yake, na miti iliyokufa nayo, mgongo bado unanidai. Hapo kwenye duara nimepanda mahindi kwanza.