Gari Likizima, Wote ni Mafundi

Saa moja asubuhi, mtaa wa Sakina, baridi ile ya Arusha ya mwezi wa saba inayomfanya mtu avae koti juu ya koti. Unaingia kwenye Toyota IST yako, unazungusha ufunguo. Yule mama wa Kijapani aliyejificha kwenye dashibodi anasema maneno yake ya kila siku. Injini haisemi. Unarudia. Mama naye anarudia, kwa adabu ileile. Injini: tik.

Basi, umekwisha. Kuanzia hapo wewe si mwenye gari, ni mwenye mgonjwa, na mtaa mzima umesomea udaktari. Wa bodaboda anasimama, anashusha mguu: "Bosi, hiyo plagi." Muuza ndizi anasema jana aliisikia inanguruma vibaya, akanyamaza tu. Mlinzi wa jirani, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, anataka boneti ifunguliwe. Inafunguliwa. Wote wanainama, mikono mgongoni, kama wanaaga mwili. Hakuna anayegusa kitu.

Na wakati wote huo gari limeshasema tatizo lake, ila nani amsikilize mgonjwa? Tik moja huku taa za dashibodi zikififia: betri haina nguvu, au vichwa vyake vimeota ule unga mweupe. Tik na taa zimekaa imara: angalia stata, ile mota ya kuzungusha injini, na waya wake. Injini inazunguka vizuri lakini haishiki: betri haina kosa, tafuta mafuta au cheche. Kimya kabisa, na mama wa Kijapani naye kanyamaza: anza na fyuzi na waya mkubwa wa betri. Otomatiki ikigoma kwenye P (ya kuegesha), weka N (huru) ujaribu tena. Swichi ya gia ikichoka huikataa P na kuikubali N, na watu wameshauziwa stata nzima kwa sababu ya kiswichi hicho.

Mita ya umeme, ile ndogo yenye waya mwekundu na mweusi, ni bei ya kuku. Lakini sisi tuko radhi kununua betri mpya kuliko kupima iliyopo. Betri iliyolala usiku na kuamka na volti 12.6 imejaa. Ikiwa 12.2 iko nusu. Chini ya 12, ni njaa. Mtu azungushe ufunguo huku wewe unatazama: ikianguka chini ya 9.6 hivi, betri ndiyo imezeeka. Gari likiwaka isome 13.5 hadi 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, alternata haichaji, na hiyo betri mpya unayotaka kununua itakufa wiki ijayo pale pale ilipofia ya kwanza. Na kabla ya yote hayo, fungua vichwa vya betri, vimwagie maji ya moto, vipige msasa, vikaze. Nusu ya stata "zilizokufa" mjini hapa zinafufuka kwa birika la maji. Takwimu hiyo nimeitoa kichwani, lakini kichwa kimekaa gereji nyingi.

Sasa gereji. Fundi anazunguka gari mara moja, anapiga tairi teke (tairi limekosa nini?), anatoa hukumu: "Bosi, hii kontroli boksi." Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini! Kila kinachomshinda fundi ni kontroli boksi, kama zamani kila homa ilivyokuwa malaria. Unamwambia apime kwa mashine kwanza, anaudhika: "Mashine zinadanganya, mimi nasikia kwa sikio." Haya, sikio lake lina ada ya ufundi, na likikosea spea umeshalipia wewe.

Lipia kipimo. Tundu la kuchomekea lipo chini ya usukani, lina matundu madogo 16. Vidude vya bluetooth vya kusomea kwenye simu vipo, lakini IST za mwanzo, zile za kuanzia 2002, ziliundwa kwa soko la Japani na mara nyingi hazielewani navyo, hivyo mtafute fundi umeme mwenye mashine yake. Na kodi, zile namba za kosa zinazotoka kwenye mashine, ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kufutwa. Wapo wanaofuta taa ya injini kwenye dashibodi, wanachukua hela, na wewe unafika Tengeru taa inarudi kukusalimia.

Tuseme imetoka P0301. Maana yake silinda namba 1 haichomi vizuri. Haikusema "nunua koili nne", hayo ni maneno ya duka. Kila silinda ina koili yake, ya kuipa plagi cheche, juu ya plagi. Toa ya kwanza, upande wa mikanda, ibadilishane na ya tatu, futa kodi, endesha kidogo, soma tena. Ikigeuka kuwa P0303, ugonjwa umehama na koili, nunua hiyo moja. Ikibaki P0301, koili haina hatia, rudi kwenye plagi na nozeli inayopuliza mafuta. Kazi yenyewe ni bolti moja ya spana namba 10 kwa kila koili. Spana ambayo, kwa ajabu za Mungu, ndiyo hupotea kila gereji.

Taa ya injini ikiwa inapepesa badala ya kutulia, usikanyage mafuta kujionyesha. Petroli isiyoungua inakwenda kuchoma masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Na masega yenyewe, fundi akikushauri kwa upole sana yakatwe "gari lipumue", ujue kuna mtu ananunua hayo masega, na si wewe utakayelipwa.

Kuchemsha ndiyo kuna vichekesho. Gari linapandisha Kibosho, mshale unapanda nalo. Dawa ya mjini: toa themostati, ile vali inayofungulia maji injini ikipata joto, tupa, "hizi ni za nchi za baridi". Mzee wangu, Kibosho asubuhi ni joto? Bila themostati injini haifikii joto lake, kompyuta inaendelea kuimwagia mafuta kama imeamka sasa hivi, halafu unalalamika kituo cha mafuta. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya rejeta ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wake. Mpira wa mfuniko ukipasuka, maji yanachemka mapema, na kitu cha bei ya chipsi kinakupeleka kufungua silinda hedi. Anza na mfuniko, injini ikiwa imepoa, usije ukaungua uso. Kisha feni, fyuzi yake na relei. Kisha themostati: itumbukize kwenye sufuria jikoni, mama watoto akiwa hayupo. Ya IST huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na maji yakifika kuchemka iwe imefunguka. Ikikaa kimya imekufa. Gasketi ya hedi ije mwisho, ukiona mapovu yasiyoisha kwenye rejeta na oili ya kwenye stiki imekuwa chai ya maziwa. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutoe machozi, kwenye baridi na safari fupi ni unyevu tu.

Kisha bili. Ada ya ufundi mmekubaliana, sawa. Lakini kuna hela ya petroli ya kuoshea vyuma, hela ya silikoni, nauli ya spana boi, na maji ya spana boi, maana amechoka na nauli. Spea kanunue mwenyewe, ukwepe cha juu, na nenda na namba ya chasisi: NCP60 ni injini ya 1.3, NCP61 ni ya 1.5, NCP65 ni ya 1.5 inayovuta miguu yote. Cha zamani urudishiwe mkononi. Na atakayekuambia mkanda wa taimingi wa IST umeisha, muombe akuonyeshe. Injini hiyo ina mnyororo.

Na kipimo kingine cha aibu: mafuta ya buku tano kila siku. Pampu ya mafuta imekaa ndani ya tangi, inapozwa na petroli hiyohiyo unayoibania.

Jioni gari linawaka. Betri ilichomolewa, hivyo saa imerudi sifuri, injini inatetemeka kidogo ikijifunza upya, na mama wa Kijapani yuko palepale na sentensi yake. Anachosema miaka yote ni kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haijachomekwa. Usimtafsirie fundi. Atasema ni sensa.