Eti dini ipi ina damu nyingi zaidi?

Kila shambulio likitokea ubishi ni ule ule, mmoja anasema Uislamu ndo wenye shida, mwingine anamtupia vita vya msalaba, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mi naona swali lenyewe limekaa vibaya.

Wanaosema dini zinatofautiana wana hoja, tusiwapuuze. Chuo kikuu Garissa Aprili 2015 waliuawa watu 148, na Al-Shabaab walikuwa wanawatenga Wakristo ndo wanawamaliza, sasa utaniambiaje dini haihusiki kabisa na muuaji mwenyewe anaitaja? Ile ya "hao sio Waislamu" ni kukwepa tu.

Ila Desemba mwaka huo huo, kule Mandera, basi likavamiwa na hao hao Al-Shabaab, abiria Waislamu wakagoma kutengwa, kina mama wakawapa Wakristo hijabu wajifunike, na mwalimu Salah Farah aliyepigwa risasi pale akafariki Januari 2016. Msahafu ni ule ule bana.

Na wengine wako safi? Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA kule Uganda, alitaka nchi iongozwe kwa Amri Kumi huku anateka watoto kwa maelfu. Msitu wa Shakahola, Kenya, 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, waumini wamefunga mpaka kufa wakidhani wanaenda kuonana na Yesu. Hata Mabudha, ambao watu wanadhani kazi yao kutafakari tu, kule Myanmar mtawa Wirathu alihubiri chuki dhidi ya Waislamu miaka na miaka, 2017 jeshi likawafurusha Warohingya, Waislamu wa huko, zaidi ya laki saba wakakimbilia Bangladesh.

Kwa hiyo mi naona tofauti ipo, ila ipo kwenye aina ya ukatili, sio kiasi. Fundisho la jihadi likipotoshwa linamgeukia wa nje, la mwisho wa dunia linamaliza kondoo wa mchungaji mwenyewe. Kiasi kinaamuliwa na mengine kabisa, nani ana bunduki, serikali iko wapi, kiongozi anahojiwa au anaogopwa.

Kinachonisumbua zaidi ni Rwanda 1994, maana ugomvi haukuwa wa dini kabisa, nchi karibu yote Wakristo, muuaji na aliyeuawa walikuwa wanakomunika pamoja. Pale Nyange watu kama 1500 walikimbilia kanisani wakaangushiwa jengo kwa tingatinga, na padri wa parokia, Athanase Seromba, mahakama ya UN ya Arusha iliyohukumu kesi za mauaji yale ikamfunga maisha. Nyie mnaopiga hesabu za damu kwa dini, hiyo mnaiandika wapi?