Mnunuzi wa mkaa huja Februari

Shule zinapokaribia kufunguliwa, kuna mtu mmoja ambaye hakosi kufika vijijini huku kwetu Acholi: mnunuzi wa mkaa. Anakuja na pesa taslimu. Hana fomu ya kujaza, hana semina, hasemi atarudi wiki ijayo. Anaonyeshwa miti, anapatana bei na mwenye shamba, na kesho yake msumeno wa mashine unanguruma. Mama aliyekuwa akihangaikia karo tangu Krismasi anaipata siku hiyo hiyo.

Nimeanza na huyo mnunuzi kwa sababu kila tukizungumzia biashara inayotunza mazingira Kaskazini mwa Uganda, tunaanza na miti. Mimi naona tuanze na kalenda: mama anahitaji pesa lini, na nani anamfikia nayo wakati huo.

Mti wenyewe ni yaa, ambao wengine wanauita shea. Huota wenyewe mashambani, na wazee wetu waliubakiza kila walipofyeka. Huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, na ukishaanza, wajukuu nao watauokotea. Matunda huanguka kuanzia Aprili hivi, wakati ghala zimekauka na mavuno ya kwanza hayajafika. Watoto hula nyama ya tunda, mama zao hubaki na kokwa. Kokwa huchemshwa, hukaushwa, hupasuliwa. Kiini hukaangwa, husagwa, kisha huchemshwa mpaka mafuta yapande juu. Hayo ndiyo moo yaa. Tumeyala kwenye mboga, tumepakwa tangu uchanga. Mafuta ya yaa wa huku kwetu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, na watengenezaji wa vipodozi ng'ambo wanalijua hilo vizuri.

Bahati mbaya, mti huo huo ni mgumu, na mkaa wake hukaa motoni muda mrefu. Kampala wanaupenda.

Mimi nimekulia Gulu, mtoto wa askari, na Kiswahili changu ni cha kambi ya jeshi. Wakati wa vita vya waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, watu zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wamefukuzwa makwao na kusongamana kambini. Vijiji vilibaki vitupu, miti ikaongezeka. Watu waliporudi, kuanzia 2006, walikuta vichaka vimefunga, lakini ng'ombe walikuwa wameporwa zamani, plau hakuna, maduka hakuna. Kitu pekee cha kuuzika kilichosimama juu ya ardhi yao kilikuwa mti. Ndiyo maana siwezi kukaa kimya mtu anapowaita wakulima hawa wajinga wasiojali mazingira.

Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa Kaskazini. Niliifurahia, na bado naiunga mkono. Lakini malori ya mkaa yanaendelea kuvuka daraja la Karuma usiku kuelekea Kampala. Na hapo hapo Karuma kuna bwawa la umeme la megawati 600, lililozinduliwa 2024, huku majiko ya Kampala yakiendelea kuwaka mkaa kwa sababu kupikia umeme bado ni ghali kwa familia nyingi. Amri inaweza kumsimamisha dereva barabarani. Haimlipii mama karo.

Pesa ya mkaa haikai kwetu. Faida kubwa iko kwa mwenye lori na kwa muuzaji wa mjini. Kijijini hubaki majivu na udongo uliobabuka. Moo yaa yakikamuliwa hapa hapa, anapata mwokotaji, anapata mwenye kinu, anapata fundi wa majiko, anapata kijana wa boda boda anayebeba madumu, na mwaka unaofuata wanapata tena kwa mti ule ule. Ninasisitiza yakikamuliwa hapa hapa. Kokwa ikipakiwa ghafi kwenda kukamuliwa kwingine, tofauti yake na gunia la mkaa inakuwa ndogo kuliko tunavyopenda kukiri.

Nikiri pia kwamba ukamuaji wa zamani unakula kuni nyingi. Mtu akijisifu kwamba anaokoa yaa huku anachoma miti mingine kuchemshia mafuta, hajaokoa kitu. Majiko banifu yapo. Maganda ya kokwa yanawaka vizuri, na maganda ya karanga na pumba za mpunga tunazozitupa zinaweza kusindikwa kuwa makaa.

Ila kosa kubwa ni letu sisi wanunuzi wa kokwa. Kampuni moja niliyowahi kuiuzia ilichukua kokwa za akina mama Julai, ikawalipa baada ya Krismasi. Wawili kati yao walikuwa wameshauza miti yao kwa watu wa mkaa. Mkono mtupu haulambwi, na sisi tulikwenda na mikono mitupu iliyojaa vipeperushi vya kuhifadhi mazingira.

Mwaka huu nilitenga sehemu ya faida ya ufuta nilioununua Desemba. Wiki ya kwanza ya Februari niliwalipa akina mama 11 nusu ya bei ya kokwa watakazoniletea Juni. Kila mmoja alinionyesha miti yake, tukaifunga vitambaa vyekundu. Nilipopita tena mwishoni mwa Machi miti yote ilikuwa imesimama, isipokuwa miwili. Mama mwenye miti hiyo alinisubiri nje ya nyumba, akaniambia kabla sijauliza: "Mwanangu, pesa yako iliingia shule yote. Mzee akaugua, hospitali wakataka pesa. Ningefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Tulikaa, tukapiga hesabu pamoja, na hesabu ilionyesha kwamba malipo ya Februari peke yake hayatoshi. Kikundi kinahitaji fungu la ugonjwa, ambalo mama anaweza kukopa siku hiyo hiyo na kulipa kwa kokwa. Kulianzisha peke yangu siwezi. Natafuta wafanyabiashara wenzangu wa Gulu, Kitgum na Pader, wanaonunua ufuta, alizeti au asali kwa akina mama hawa hawa, tuchange kabla ya msimu ujao wa kiangazi.